Bia ya Ubelgiji na Pua ya Mama

Mama mupenzi wa Kirungu,

Jua la Kalemie linachoma hata kivulini, lakini nakuandikia kifua mbele. Jana saa sita shemeji, mume wa dada Bea, alifungua chupa ya bia aliyotoka nayo Ubelgiji. Ni ya rangi ya dhahabu, na povu lake linasimama kama pamba. Alinimiminia mbele ya wageni, akacheka: «Ninyi wapika pombe wa milimani, hii mutaiweza?»

Nilinusa kwanza, kama ulivyonifundisha, kisha nikanywa. Nilisikia majani machungu, ganda la chungwa, halafu ule ukali unaopanda polepole hadi masikioni. Nikasema: «Hii ilichachuka tena humu ndani ya chupa.»

Shemeji akabisha: «Hapana, hii njo bia ya kiwanda!»

Nikainua chupa juani. Mama, chachu ilikuwa imelala chini, sawasawa na kwenye mitungi yako! Wageni wote walipiga makofi.

Leo asubuhi shemeji ameniomba, kwa adabu sana, siri ya pombe yako. Nimemujibu aje kwanza akuoshee mitungi mwezi muzima.

Moto chini ya chungu chako usizimike.

Binti yako,
Odile