Chumvi ya Mwenzangu

Baba watoto,

Nimeenda kwa dada. Nitarudi ~~kesho~~ jioni.

Fundi akileta matumbawe ya hilo tangi lako la sebuleni, asiyaburute juu ya zulia. Na usiongeze samaki leo. Maji bado hayajakaa sawa, umesema mwenyewe.

Asubuhi umeamka, hata salamu hukunipa, ukakimbilia kupima chumvi ya samaki wako. Ukasema imezidi kidogo, ukahangaika nayo mpaka chai ikapoa. Kisha ukala mayai niliyokukaangia, ukamaliza. Sikuyatia hata chembe ya chumvi, makusudi. Ukasema, “Matamu,” macho yako kwenye kioo cha tangi.

Mchuzi uko jikoni, nao hauna chumvi. Kaichote kwa mwenzangu wa sebuleni.

Mke mkubwa