Nimekwenda kwa Rukia, Nimerudi Peke Yangu

Rayners Lane, London

Mwanangu Hamad,

Nakusalimu, na mguu wako je? Na mkeo, kifua kimepoa? Mimi magoti yanauma kwa baridi ya huku, lakini ulimi haujapata maradhi, kama utakavyoona.

Uliniagiza niende Ujerumani nikamrudishe mwanao Rukia aje aolewe. Nimekwenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumtolea, tena makali. Yakaniishia kilimani.

Maana hakunipeleka kwake kwanza. Alinivusha daraja, akanipandisha kilima, akaniambia nigeuke nitazame. Hamad, Pemba nimezaliwa, Unguja nimekaa, London nimezeekea, sijaona mji kama ule. Unaitwa Wasserburg, uko Bavaria, upande wa kusini. Mto unatoka kwenye milima ya theluji, ukifika pale unapinda, unauzunguka mji hata unakaribia kukutana na nafsi yake. Imebaki shingo nyembamba tu ya nchi kavu. Nikauliza, hiki ni kisiwa? Rukia akasema kilikosa kidogo tu. Nikakaa chini nikamsabihi Mungu.

Tukashuka mjini. Nyumba ndefu zimeshikana bega kwa bega, za waridi, za manjano, na chini yake baraza za matao, unatembea mvua inanyesha wala huroi. Nikauliza nani aliyekuwa na mali ya kujenga haya. Rukia akaniambia ni chumvi. Zamani ilishuka kutoka milimani kwa mikokoteni, ikavuka mto pale pale, na kila anayevuka analipa. Chumvi, Hamad! Marehemu baba yako alivuna chumvi maisha yake yote, ikamjengea kibiongo. Kisha ikaja reli, biashara ikahama, mji ukabaki umesimama vile vile, umepakwa rangi, unafagiwa. Nyinyi huko Pemba nyumba ya babu yenu imewashinda hata kuziba paa.

Basi tuko chini ya matao, kizee mmoja wa Kijerumani akamwita Rukia kwa jina, akamshika mkono hataki kuuachia. Ni mmoja wa wazee anaowauguza. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza kitu. Nikambana Rukia anifasirie.

"Anauliza kama umekuja kunichukua."

"Umemjibu nini?"

"Sijamjibu, bibi. Nakungoja wewe."

Nikamuuliza huyo mchumba uliyemchagulia wewe, anamtaka? Akasema hata sura yake haijui. Kizee bado kamshika mkono, macho kanikazia mimi.

Nikasema, "Mwambie nimekuja kutembea."

Sasa wewe vaa kanzu safi, nenda mwenyewe kwa wale watu uliowapa neno. Usimtume mkeo, yeye hakuahidi kitu. Waambie binti hukumuuliza, na mama yako alipomuuliza, hakutaka. Watakutukana. Vumilia, umejitakia. Na Rukia mpigie simu, usimpigie kelele. Muulize habari za kazi yake, anaijua na anaipenda.

Nisalimie shangazi yako muuza mikate, na mdogo wako fundi cherehani, mwambie gauni alilonishonea limenibana kwapani. Mkeo mpe pole kwa kuishi na wewe.

Mungu akupe afya, na akili kidogo.

Mimi mama yako,
Bi Asha