Meza Yetu Ina Joto

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla meza ya sebuleni kwangu haijaanza kunguruma mbele ya wageni.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, na serikali ilipotangaza ruzuku ya sola kwa wenye biashara ndogo, sharti likiwa mwenye jenereta aisalimishe ikavunjwe kabla ya ukaguzi, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni, paneli zikafungwa juu ya bati kwa jina langu, na tangu hapo cherehani inakimbia, pasi inawaka, nguo za wateja hazinuki petroli. Tatizo ni mume wangu. Mtaani wanamwita Ngurumo, maana umeme ukikatika jenereta yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kusikika, majirani wakija kuchaji simu na kumwita mkubwa, sasa sola haina sauti, hakuna anayejua kama tuna umeme, basi mwenzangu kagoma kuisalimisha, kaiweka sebuleni chini ya kitambaa cha maua kilichopindwa vizuri, anasema ni meza, na umeme wa mtaa ukikatika anaikokota uani kuiwasha, na mshauri, haijaunganishwa hata na balbu moja, inanguruma tu, na yeye kakaa pembeni kakunja nne.

Wiki iliyopita mkaguzi kaja, na mume wangu ndiyo kwanza ameizima na kuirudisha ndani. Nikaleta chai. Mkaguzi akaweka kikombe juu ya meza, akaweka na kiganja, akakiondoa haraka.

"Mama, meza yenu ina joto."

Mume wangu akadakia, "Mbao za zamani hizo, bwana mkubwa. Zinatunza jua."

"Na harufu hii ya petroli?"

"Manukato ya mke wangu."

Mkaguzi akanywa chai yake taratibu, akasema atarudi, na kwa kuwa paneli ni za jina langu, jibu atalitaka kinywani mwangu. Nikisema kweli nitakuwa nimemvua nguo mume wangu, nikidanganya na wakagundua, paneli zinashushwa na cherehani inalala. Nifanyeje?

Mwenye Meza

*

Wewe Mwenye Meza, nimecheka, kisha nikakasirika, na hasira yenyewe nianze nayo kwa wakubwa. Nimewahi kukaa kwenye mkutano wa hewa safi ambapo mheshimiwa alilazimika kupaza sauti, kwa sababu jenereta ya ukumbi ilikuwa inamshinda kwa kelele. Hao ndio wanaomtaka mumeo aachane na yake. Walipima moshi wake, hawakukumbuka kwamba mle mle kwenye moshi ndimo alimokuwa akipatia heshima.

Hilo halimsafishi. Mwanamume mzima anachoma petroli ili asikike. Jogoo naye hufanya hivyo, ila jogoo hatumii mafuta.

Na wewe usijifanye kondoo. Kitambaa hicho kilichopindwa vizuri, alikipinda nani? Ngurumo anajua kushika sindano? Ulimsaidia kuficha, sasa umeona joto unatafuta mlango.

Sikiliza. Hutadanganya. Paneli hizo si hisani ya mtu, ni kodi yako na ya jirani yako imerudi nyumbani, na ukidanganya utamharibia fundi mwingine aliye nyuma yako kwenye foleni. Mkiwa wawili tu, si mbele ya mama yake wala ya wateja, mwambie hivi: "Baba, akiniuliza nitasema. Afadhali uipeleke mwenyewe." Kisha nyamaza. Usimkejeli, hata ulimi ukiwasha.

Halafu mwite fundi umeme, afunge taa kubwa nje ya mlango wenu na soketi kadhaa barazani, swichi zikae pale ilipokuwa meza, na mkono wa kuziwasha uwe wa mumeo. Siku mtaa ukiwa giza, majirani wataifuata taa na simu zao mkononi, na yeye atakaa pembeni kakunja nne vilevile, mara hii wakisikia anachosema. Jina jipya watampa wenyewe.

Akikataa? Basi mkaguzi akirudi mkaribishe chai kama kawaida, na mwambie kikombe akishike mkononi, maana hiyo si meza.