Mkesha wa Pili wa Tatay

Blacktown, 9 Machi

Nanay mpenzi,

Shikamoo. Nainamisha kichwa niweke mkono wako kwenye paji la uso wangu, ingawa mkono wenyewe uko Lingayen na paji liko huku. Hujambo? Goti je? Mimi mzima, isipokuwa mafua na shangazi za parokia, na vyote viwili havina dawa.

Naandika barua kwa sababu ujumbe wa simu huko kwenu husomwa kwanza na Tiya Nening mwenye simu, halafu na mtaa mzima, wewe ukiwa wa mwisho.

Nanay, ile filamu yangu imeanza. Hatuna studio wala mastaa. Ni mimi, Callum mwenye kamera, na nusu ya parokia wakilipwa kwa sahani za tambi, pansit. Ni hadithi ya nyumba yetu hii: kochi ambalo halijawahi kuvuliwa nailoni, kopo la kuogea msalani, na wewe unayeonyesha vitu kwa midomo kana kwamba vidole ni vya wageni tu.

Sasa nina ombi. Nataka kuigiza na kupiga picha mkesha wa msiba wa Tatay. Unajua dhoruba ile ilivyoigeuza angani ndege niliyopanda kuja mazikoni, nikarudishwa Sydney na maua yangu mkononi. Nyinyi mlimzika. Mimi sijamzika. Nikiingia ndani naviona viatu vyake mlangoni, alivyoviacha mliporudi kwenu kuzeeka, na naona kama yuko tu huko kwenu anakunywa kahawa. Nataka nimlilie mara moja, hata kama ni mbele ya kamera. Bila ruhusa yako sipigi.

Nimeweka humu kurasa za mkesha uzisome.

Mwanao,
Ping

*

Lingayen, 4 Aprili

Ping mwanangu,

Mungu akubariki, paji nimelipokea. Sisi wazima. Goti langu sasa linatabiri mvua kuliko redio, na majirani wanakuja kuliuliza kabla ya kuanika nguo.

Jibu ni hapana. Mtu si mbegu azikwe mara mbili. Ndugu za baba yako watasema nini? Watasema Teofila kamfanya mumewe sinema.

Ila kwa kuwa nimezisoma hizo kurasa, na kwa kuwa nina macho, acha niseme. Ukurasa wa pili binti anawaambia wageni, "Asanteni kwa kuja." Nani kakulea wewe? Asante kwa msiba? Unataka wapate sababu ya kurudi? Halafu anawasindikiza hadi mlangoni! Mfiwa hashukuru, mfiwa hasindikizi, mgeni ataijua njia mwenyewe. Nilipofika hapo nilimwita Tiya Nening aje ashuhudie, akaketi chini.

Na kwa nini watu wote wamekaa kimya kama wanasubiri kung'olewa meno? Karata ziko wapi? Njugu ziko wapi? Kwenye mkesha wa baba yako watu walicheka mpaka padri akaomba agawiwe karata naye. Ukitaka kusema uongo juu yetu, angalau useme uongo tunaoufahamu.

Lakini jibu ni hapana. Na jenezani angelala nani?

Nanay yako

*

Blacktown, 27 Aprili

Nanay mpenzi,

Shikamoo tena. Natumai goti halijaajiriwa na serikali. Mafua yameondoka, shangazi wamebaki.

Nimefuta asante zote. Nimefuta mlango. Nimeongeza meza mbili za karata, njugu, biskuti, kahawa na mtu anayehadithia vichekesho vya padri. Callum kasoma akaniuliza, "Huu ni msiba au harusi?" Nikamwambia harusi zetu zina kelele zaidi.

Atakayelala jenezani ni yule mzee wa parokia, Mang Usting, kajitolea mwenyewe. Jeneza tumeazima. Alijaribu kulala humo Jumapili baada ya misa, akasema linambana mabega, kisha akauliza kama maiti atakuwa na maneno ya kusema. Nilimwambia hapana. Akauliza kama anaweza basi kuimba.

Nanay, najua umesema hapana. Naomba tena kwa magoti, yangu ni mazima bado. Sitaki kumfanya Tatay sinema. Ninachotaka ni kuwa chumbani wakati watu wanamlilia. Nilikosa. Wewe ulikuwepo.

Mwanao,
Ping

*

Lingayen, 20 Mei

Ping,

Mungu akubariki. Hatujambo. Mvua imeanza, goti lilisema.

USTING! Usting yule aliyempokonya baba yako maikrofoni siku ya ubatizo wako, akamalizia wimbo wake mbele ya watu? Baba yako hakumsemesha mwaka mzima! Na sasa ndiye anayelala mahali pake? Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena kwa kuwa Nening alikuwa analia kwa sauti mbaya.

Maneno yako ya mwisho niliyasoma peke yangu, hata Nening sikumpa.

Haya. Piga huo mkesha. Lakini mnisikilize wote, na huyo Callum umfasirie.

Mtu asifagie humo ndani maadamu jeneza liko, au atafagia na roho ya mwingine.

Tena, na hili ndilo kubwa: mkimaliza, mtu yeyote asiende nyumbani moja kwa moja. Pagpag, Ping! Jikung'uteni kwanza mahali pengine, dukani, sokoni, popote penye watu, ili aliyekufa akiwafuata apotelee hapo. Usiniambie eti ni maigizo. Wafu hawasomi kurasa zako. Wataona jeneza, mishumaa na shangazi wanaolia, watajua ni kwao.

Na baba yako ndiye mwenye tabia hiyo ya kufuata. Nilipokwenda kusomea uuguzi Manila, alinifuata. Nilipopata kazi Australia, alinifuata, na siku ya kwanza akashuka kwenye treni kituo kisicho chake, tukamtafuta Parramatta mpaka jioni. Kwa hiyo jikung'uteni sana.

Mwambie Usting asikohoe.

Nanay yako

*

Blacktown, 17 Juni

Nanay mpenzi,

Shikamoo. Huku baridi imeingia hadi kwenye sahani. Natumai Tiya Nening hajambo, na goti, na mtaa.

Tumepiga mkesha. Tulipiga mchana kwenye ukumbi wa parokia, mapazia meusi madirishani. Callum aliona maganda ya njugu sakafuni, akachukua ufagio kwa nia njema. Shangazi wote walipiga ukelele mmoja, maskini akautupa kama nyoka. Hadi sasa akiuona ufagio anazunguka mbali.

Mang Usting alilala kweli. Akakoroma. Tulirudia na kurudia, kwa kuwa kila shangazi akijitupa juu ya jeneza kulia, jeneza linamjibu. Mwishowe mmoja wa shangazi, Tiya Mameng, alimbana midomo kwa rozari yake akamwambia, "Usting, kufa vizuri, tuna wali jikoni!"

Kisha ikaja zamu yangu. Nilikuwa nimejiandikia maneno marefu, Nanay, mazuri. Nikasimama pale. Walikuwa wamemvika Mang Usting shati jeupe kama la Tatay, na pamba puani. Maneno yote yakaniponyoka. Nikasema tu, "Tatay, ndege iligeuka." Nikalia mpaka nikashika meza. Wacheza karata wakaweka karata chini. Callum akaninong'oneza, "Ping, maiti analia. Turudie?" Kweli, chozi lilikuwa linamtiririka Mang Usting hadi sikioni. Hakuna aliyetaka kurudia. Limebaki hivyo hivyo.

Baadaye wote walikwenda kujikung'uta kwenye duka la chipsi la Mgiriki, kundi zima katika nguo nyeusi. Mgiriki akaacha kukaanga, akauliza kwa huzuni, "Poleni, nani amefariki?" Wote kwa pamoja wakamwonyesha Mang Usting kwa midomo. Alikuwa bado ana pamba puani, anaagiza samaki.

Haya nimesimuliwa na Callum, kwa sababu mimi sikuwepo.

Nanay, usinikasirikie. Niliwaamuru wote waende, halafu mimi nikaenda nyumbani moja kwa moja. Sikusimama popote, hata duka la kona. Nikaacha mlango wazi nikakaa kwenye kochi na koti langu. Najua ulichosema. Nilitaka anifuate.

Nisamehe.

Mwanao,
Ping

*

Lingayen, 8 Julai

Ping mwanangu,

Mungu akubariki. Sisi wazima wote.

Nilipofika mwisho wa barua yako nilivaa viatu nije kukuchapa, ndipo nikakumbuka kuna bahari. Nikavivua, nikakaa.

Sasa nikuambie nisilomwambia hata Nening. Siku tuliyomzika, ndugu zake wote walipitia mkahawani kula uji wa kuku, wakijikung'uta kama walivyofunzwa. Mimi nilimwambia dereva anipeleke nyumbani. Nilifungua mlango na madirisha yote. Mbu wote wa Lingayen waliingia. Yeye hakuingia. Nikangoja siku nyingi, kisha nikamnunia, na nimemnunia mpaka juzi. Nikasema mwanamume huyu kanifuata maisha yake yote, leo ndiyo kachoka?

Kumbe alikuwa njiani kuja kwako. Kakawia tu, unamjua na njia. Bila shaka alishuka Parramatta.

Basi akiwa kashafika, funga huo mlango, kifua chake hakipendi baridi ya Julai. Usimpe kahawa jioni. Mwambie nailoni ya kochi unaweza kuitoa sasa, tulikuwa tunalitunzia wageni na wageni ndio sisi. Akimsema Usting, mwambie amsamehe, chozi lile si la kuigiza.

Na mwambie asijisumbue kurudi huku. Safari hii mimi ndiye ninayemfuata, tena kwa ndege, si kwa njia yake, msije mkaanza kuazima jeneza. Nening kanikatia tiketi ya Agosti. Nataka kuiona hiyo sinema nikiwa nimeketi katikati yenu.

Nanay yako

Usifagie mpaka nifike.