Ndege wa Mama Amevaa Sweta

Kasense, Sumbawanga, 14 Juni

Dada Tedi, shikamoo.

Usinikasirikie. Kile kitambaa cha kochi chenye ndege, alichodarizi marehemu mama, nimewapa akina mama wa hapa wakiige, tena waongeze wapendavyo. Moyoni niliogopa kwamba wakimharibu yule ndege, mama atakuwa ametutoka mara ya pili.

Mwenyeji wangu, Mama Neema, akamvika wake sweta. "Huku Ufipa atakufa na baridi, mdogo wangu." Jirani yake akamvalisha wake gambuti. Nilicheka mpaka nikapoteza sindano.

Leo vitambaa saba viko kambani, na kila ndege amepinda shingo vilevile alivyokosea mama. Nimeanza wa kwangu, nitamtia kofia.

Ukitandika chako cha mama, nikumbuke.

Mdogo wako, Leah