Taa ya Kendi Imewaka

Jumamosi jioni. Mvua imenyesha tangu mchana na mtaa wote wa Majengo unanuka matope na mandazi. Mgongo unaniuma, lakini nina furaha mpaka sijavua viatu.

Niandike ieleweke. Mimi hupakua malori pale soko la Gakoromone, hapa Meru. Binti yangu Kendi yuko na mamake mtaa wa Majimbo, Embu. Jioni tunakutana kwenye simu, ndani ya ule mchezo wa kujenga kwa vipande vya mraba. Nyumba yake iko bondeni, yangu iko mlimani. Aliniomba kitu kimoja: nikifika chumbani kutoka kazini, niwashe swichi kwangu, taa iwake kwake. Ajue baba amefika.

Nilikubali haraka. Shule niliacha darasa la saba, lakini kumwaga lile vumbi jekundu linalopitisha stima, nani hawezi?

Stima ilifia njiani.

Ikienda mbali inachoka, kama mtu. Kendi akaniambia niweke ripita, vile vipande vya kuipa nguvu upya. Nikaweka njia nzima. Bado giza. Jana akanitumia ujumbe wa sauti: "Baba, kesho isipowaka nahamia mchezo wa kina Makena. Wao wamejenga mpaka lifti." Nyuma yake namsikia mamake akicheka: "Mwambie aite watu wa stima!"

Sikucheka. Akihama, jioni tutaongea nini?

Leo tulikuwa tunapakua kabeji. Tunasimama mstari, kila mmoja anamrushia mwenzake, hakuna anayetembea na mzigo. Mutwiri akageuka kumjibu mama wa chai, kabeji ikamgonga mgongoni.

"Mutwiri, kabeji haidakwi na mgongo!" mama akapiga kelele, na mstari wote ukaangua kicheko.

Mimi nilibaki nimeishika yangu mkononi. Ripita zangu!

Ripita ina upande wa kupokea na upande wa kutoa, na hutoa kule unakotazama ukiiweka. Nami niliziweka nikitoka kwa Kendi nikija kwangu, kwa sababu kichwani mwangu kila safari huanzia nyumbani. Zote zilikuwa zinangoja stima itoke kwake. Nimepanga akina Mutwiri mlima mzima.

Nilipofika chumbani niling'oa zote, nikazipanga upya nikishuka kutoka kwangu hadi kwake. Nikapanda tena. Nikawasha.

Simu ikalia hapo hapo.

"Babaaa! Imewaka! Mama, njoo uone, baba amefika!"

"Baba Kendi," mamake akasema, "hata stima ya hapa Majimbo haifiki hivyo."

Mimi! Nimevusha stima toka mlimani hadi bondeni, na Kendi hahami. Sasa anataka na kengele. Atapata.

Kesho ni Jumapili, siendi sokoni. Swichi siizimi. Taa yake itawaka mchana kutwa.