Mwani wa Kuonyesha Wageni

Kigombe, 9 Septemba 2025

Mwanangu Sabra,

Salamu nyingi toka kwa shangazi yako. Mgongo wanisumbua, mengine kheri. Huko Usagara u mzima? Unakula, au ni chipsi tu?

Hiyo akili bandia mliyotuwekea kwenye simu, wewe na wenzako wa kazini, naipenda, naiuliza hata nisiyopaswa. Leo nimeipigia picha ya mwani wangu, umepauka kidogo. Ikajibu: mzima, subiri wiki mbili. Mimi nikiushika, mkono waniambia vuna. Bamvua linaisha kesho, kisha maji ya bahari hayakupwi vya kutosha, sifiki shambani wiki nzima. Na pesa ya mwani huu ndiyo bati langu la paa kabla ya mvua za vuli. Nimsikilize nani?

Shangazi yako, Mwamvua

Usagara, 9 Septemba

Shikamoo shangazi,

Mzima mimi, na chipsi nimepunguza, wallahi! Isikilize programu. Tumeifundisha kwa picha elfu nne za mwani wenu, na kwenye majaribio imepatia tisini na saba kwa mia. Ijumaa bosi anaipeleka maonyesho. Mkono ni mazoea tu. Subiri.

Mwanao Sabra

Kigombe, 22 Septemba

Sabra,

Marahaba. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya hasira. Juzi niliingia shambani nikakuta kamba tupu, mwani wote umeoza na kukatika. Nimelia, sikufichi.

Hasira ilipopoa likabaki swali. Hiyo mashine, mwani mgonjwa iliuona wapi? Siku mliyokuja na kamera, sisi kina mama tulidamka kuchagua uliojaa, tukauosha. Uliooza tukauficha nyuma ya vichanja vya kuanikia. Mgeni kaja na kamera, utamwonyesha uozo?

Shangazi

Usagara, 24 Septemba

Shikamoo shangazi,

Sijui nikuulizeje hali. Nimekaa siku mbili nazipitia zile picha, moja moja. Katika elfu nne, na za majaribio zimo humo, mwani mgonjwa ni mia na ishirini tu. Shangazi, hata ukifumba macho ukasema "mzima" kila mara, utapata hiyo hiyo tisini na saba! Hatujui kama ina akili yoyote.

Nimemwambia bosi. Kasema watu kwenye maonyesho wameipigia makofi, ninyamaze. Sikunyamaza. Nimewaandikia kina mama wote wasiifuate, na Jumatatu nitajua kama bado nina kazi.

Programu ilisema subiri, lakini aliyekwambia uisikilize ni mimi. Wewe uliniuliza, na mimi hata sikukuuliza mkono ulihisi nini. Nisamehe. Bamvua lijalo nataka kuja, ukiniruhusu.

Mwanao, kama bado wanikubali,
Sabra